Mbegu ya mtama Macia: jua inaliweza, shida ni ndege

Nimeipanda hii Macia misimu mitatu sasa kwenye shamba la kichanga ambalo mvua zake unazihesabu kwa vidole, kwahiyo naongea nilichokiona.

Kwenye ukame naipa nyota zote. Msimu wa pili mvua ilikata wiki tatu nzima mtama ukiwa bado magotini, mahindi ya jirani yakakauka hadi mizizi, huu ukajikunja majani ukatulia tu, ukiupita mchana unasema basi umekufa, mvua iliporudi wiki ile ile ukaanza kurefuka. Halafu ni mfupi, unaishia kifuani, upepo hauulazi na suke unalikata umesimama wima. Siku 115 mpaka 120 unavuna na mabua bado yana ukijani, mifugo inakula vizuri sana. Ila jamani angalieni, mtama mchanga au uliodumazwa na jua una sumu ya sayanaidi, ng'ombe akiuvamia anaweza kufa hapo hapo, usimwachie mpaka ukomae.

Sasa ndege. Punje ni nyeupe na haina ukakasi kama ile mitama ya kahawia, ndo maana unga wake mtamu na ndo maana kwelea kwelea wanaipenda, wanaanza kuikamua ikiwa bado ya maziwa. Mwaka wa kwanza nilipanda mapema peke yangu nikidhani nimefanya la maana, suke zangu zikawa za kwanza kuiva eneo lote, ndege wote wakahamia kwangu, nilishinda shambani alfajiri mpaka jioni na bado walinimaliza karibu nusu. Iliniuma kwa kweli. Msimu uliofuata tukakubaliana na majirani tupande wiki moja, hasara ikagawanyika na zamu za kuamia, yaani kufukuza ndege, tukagawana, nafuu niliiona kabisa.

Kingine angalia unanunua wapi. Niliwahi kuuziwa iliyofungwa upya kwenye nailoni haina hata lebo, ikaota mapengo mapengo. Siku hizi nahesabu punje 100, nazifunga kwenye kitambaa kibichi, siku ya tano naangalia, zikiota chini ya 80 sizipeleki shambani. Nafasi ni sentimita 75 mstari kwa mstari na 20 mche kwa mche, na miche punguza mapema ardhi ikiwa na unyevu, usiionee huruma, ikibanana unapata visuke kama kidole.

Uzuri mwingine sio chotara, unaweza kujitunzia mbegu mwenyewe, we chagua suke nzuri za katikati ya shamba maana za pembeni zinapata chavua ya mtama wa jirani.

Nitainunua tena, ila mwakani kile kipande kilichopakana na vichaka naweka mtama wa kahawia, Macia naileta karibu na nyumba ambako hata watoto wanaweza kuamia.