Kadi za picha za kisukari kwa wenye ulemavu wa akili: nimezitumia, na kadi mbili nimezitoa

Seti hii naitumia na watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaochoma insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 (asilimia 30 ya kazi ya haraka, 70 ya kazi ya polepole). Kadi ni za ukubwa wa A5, kila moja na tendo lake, maneno hayazidi matano. Kwa jumla nazipenda.

Mlolongo wa kupima sukari ndio uliotengenezwa vizuri kuliko yote: nawa kwa sabuni, kausha, chomeka stripu (kijiti cha kupokea damu) kwenye mashine, toboa, gusisha damu, soma namba. Kunawa kumetangulia kwa sababu maji ya embe yaliyobaki kidoleni yanatosha kupandisha namba. Kadi ya kutoboa inaonyesha pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, ambako panauma zaidi. Aliyeumia jana, leo atauficha mkono. Tatizo ni mashine iliyochorwa. Kama yenu inachomekwa stripu kwa chini na ya kwenye kadi kwa juu, mtu atahangaika kutafuta tundu lisilokuwepo. Piga picha mashine yake mwenyewe kwa simu, ukiwa umesimama nyuma yake, juu ya bega, mikono ionekane kama anavyoiona yeye. Ukipiga kwa mbele, kulia kwake kunageuka kushoto.

Kwenye peni ya kuchomea insulini, kadi ya kuchanganya dawa ina mshale wa juu na chini. Anayeuona anatikisa, na insulini ikitikiswa kwa nguvu inafanya viputo vinavyovuruga dozi. Inatakiwa ibingirishwe kati ya viganja mara 10, kisha ipinduliwe polepole mara 10, hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Mshale nimeuchora upya. Ya kutoa uniti 2 hewani hadi tone litokeze haina kasoro. Ile ya kuhesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa sindano ni kazi ya fundi hasa: ina vitone 10 vya kugusa kimoja kimoja kwa mkono ulio huru, kwa hiyo hata asiyejua kuhesabu anaiweza.

Sasa soda. Kadi ya chakula ina chupa ya soda iliyopigwa X nyekundu. Kwa wengi X haina maana ya katazo. Macho yanaona soda, na soda ni ya kunywa. Halafu kadi ya sukari kushuka inaonyesha chupa ileile bila X, safari hii ndiyo dawa! Aliyeielewa ya kwanza ataikataa ya pili, huku anatetemeka na jasho linamtoka. Hizo ndizo mbili nilizozitoa. Mahali pake pana picha ya kikopo cha bluu, na kikopo chenyewe kiko mezani: ndani mna gramu 15 za glukosi ya unga, zimeshapimwa, za kukoroga kwenye maji. Anakunywa, zinapita dakika 15, anapima tena. Ikiwa bado chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), anarudia. Aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Bluu ina sababu. Seti imepaka nyekundu namba za chini ya 4 na za juu sana vilevile, rangi moja kwa matendo yanayopingana. Ya chini nimeifanya bluu kama kikopo. Ongeza pia kadi mbili za LO (chini mno) na HI (juu mno), maana mashine ikipitiliza kiwango haitoi namba, inatoa herufi.

Kadi ya sahani (nusu mboga, robo wanga, robo protini) ina mkate na viazi vya kuponda, si lazima viwe ndivyo anavyokula. Sahani ya plastiki yenye vyumba vitatu inafundisha haraka zaidi. Kadi za kukagua miguu ziko sawa, mradi awe na kioo cha kuweka sakafuni aone nyayo.

Ukichapisha zako, chagua plastiki isiyong'aa. Inayong'aa inarudisha mwanga wa taa, na macho ya wengi wenye kisukari tayari yana ukungu.