Core i5-13400 na Ryzen 5 7600: uzoefu wangu wa kuzilinganisha kwa haki studioni Lubumbashi

Studio yetu ya video za harusi na picha, hapa Kamalondo, ilihitaji kompyuta mbili mpya za mezani, nami niliamua kwa makusudi kuziunda kwa prosesa (ubongo wa kompyuta) tofauti: moja ina Core i5-13400 ya Intel, nyingine ina Ryzen 5 7600 ya AMD. Zote mbili zilitoka Januari 2023, zote watengenezaji wanazitaja kuwa za wati 65, na wauzaji wa mjini huwapendekezea wateja walewale. Nimeridhika nazo zote mbili. Hata hivyo naona ni lazima nieleze jinsi nilivyozipima, kwa sababu namba moja ya kasi inayoonyeshwa dukani kwenye simu ya muuzaji haimwambii mnunuzi imepatikana katika hali gani.

Hizo wati 65 ndizo zinazopotosha kwanza. Kwa Intel, wati 65 ni nguvu ya msingi, na kampuni yenyewe inairuhusu prosesa hii kupanda hadi wati 148 kwa muda mfupi. Kwa AMD, prosesa ya daraja hilo inaweza kupokea hadi wati 88 kupitia soketi yake, yaani tundu inamochomekwa. Tena wako watengenezaji wa ubao mama, ule unaounganisha sehemu zote za kompyuta, wanaolegeza vikomo hivyo bila kumuuliza mtu, hivi kwamba prosesa ileile ikihamishiwa ubao mwingine hutoa alama nyingine. Jaribio la sekunde kumi na tano huipendelea i5, maana linakwisha kabla prosesa haijarudishwa kwenye nguvu yake ya msingi, ilhali kutoa filamu ya harusi kunaweza kuchukua saa nzima. Kwa hiyo niliingia kwenye Bios (mipangilio ya msingi ya ubao mama), nikaweka vikomo rasmi vya kila kampuni, kisha nikaendesha Cinebench R23, programu ya kupima kasi ya prosesa, kwa mzunguko wake wa dakika kumi huku programu ya HWiNFO ikirekodi kasi, joto na wati. Pengo ambalo i5 iliongoza nalo mwanzoni, kutokana na viini vyake kumi (sehemu za prosesa zinazogawana kazi) dhidi ya sita vya Ryzen, lilipungua sana kadiri dakika zilivyosonga. Katika kazi ya kiini kimoja Ryzen ilitangulia, jambo linaloeleweka, kwani inaweza kufika gigahezi 5.1 na i5 inaishia 4.6.

Kila kitu kingine nilikifanya kuwa kimoja kadiri ilivyowezekana: kadi ileile ya picha, diski ya aina moja, kipozeo kimoja chenye vishikizo vya soketi zote mbili, toleo moja la Windows lenye mipangilio ileile ya usalama na ya umeme. Kumbukumbu (RAM) za aina ya DDR5 nazo zilikuwa zilezile, na nilihakikisha kasi yake kamili imewashwa kwenye Bios, kwa sababu isipowashwa kumbukumbu hubaki kwenye kasi ya chini na prosesa hulaumiwa bure. Kila jaribio nililirudia, nikachukua matokeo ya katikati badala ya yale mazuri kuliko yote.

Hali ya mji wetu inadai uangalifu wake. Chumba cha Lubumbashi asubuhi ya Julai si chumba kilekile mchana wa Oktoba, na prosesa inayopimwa kwenye joto hupunguza kasi mapema. Ndiyo maana nilizipima zote siku moja, nikaandika joto la chumba kando ya joto la prosesa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ulipokatika katikati ya jaribio, nilitupa matokeo yake yote na kuanza upya mashine ikiwa imepoa. Pia nilipima umeme kwenye plagi, tena kwa wati-saa za kazi nzima na si kwa wati za juu peke yake, kwa kuwa mashine inayovuta umeme mwingi lakini ikamaliza haraka inaweza kutumia mafuta machache ya jenereta kuliko ile inayovuta kidogo kwa muda mrefu. Kipimo hiki sikioni mara nyingi kwenye uhakiki wa wageni, ingawa kwetu kina uzito sawa na kasi.

Jambo lililonifundisha zaidi ni video yenyewe. Ndani ya i5-13400 kuna sehemu ya picha yenye Quick Sync, kifaa maalumu cha kushughulikia video, ambayo inaweza kufungua video zilizobanwa kwa mfumo wa H.265, za biti 10 na rangi za 4:2:2 (yaani zenye rangi nyingi zaidi), aina ambayo kamera nyingi za sasa hurekodi; sehemu ndogo ya picha iliyomo ndani ya Ryzen haifungui aina hiyo, na kazi yote inaangukia viini. Ndiyo maana kwenye meza ya kuhariri i5 ilitembea laini mahali Ryzen ilipokwamakwama. Nilipobadilisha faili ziandikwe upya kwa HandBrake, programu ya kugeuza video, kupitia viini pekee, tofauti hiyo ilitoweka. Mtu akikuambia kwamba prosesa fulani ni bora kwa video, muulize kwanza ni sehemu gani iliyofanya kazi. Na mnunuzi aangalie herufi F: i5-13400F haina sehemu hiyo ya picha kabisa.

Kuhusu michezo nitasema machache, kwa kuwa si kazi yetu. Mchezo ukipimwa kwa picha za 4K, zenye nukta nyingi sana, kadi ya picha ndiyo inayozuia na prosesa zote huonekana sawa. Ukipimwa kwa 1080p, yenye nukta chache zaidi, Ryzen ilikuwa mbele kidogo.

Bei nayo ilinganishwe kwa mashine nzima. i5 hukubali pia ubao wa DDR4, kumbukumbu za kizazi kilichotangulia DDR5, hivyo mwenye kumbukumbu za zamani anaokoa fedha, lakini soketi yake ya LGA1700 iliishia kizazi cha 14 cha prosesa za Intel, wakati AMD imeahidi kuiendeleza AM5, soketi ya Ryzen hii, hadi 2027 na kuendelea. Kwetu, i5 imekaa kwenye meza ya video, Ryzen kwenye meza ya picha, ambako kasi ya kiini kimoja inasikika kila siku. Ubao wa Ryzen umepata Bios mpya hivi karibuni, kwa hiyo namba zake za awali nimezifuta, na sitazilinganisha na za i5 mpaka nizipime zote mbili upya.