Mkopo wa dakika nne, siku ya tisa nikaitwa tapeli

Naleta mrejesho wa aplikesheni ya mikopo niliyotumia mwezi uliopita, jina silitaji ila kama unaishi Dar tangazo lake ushaliona, dada anacheka kashika noti za elfu kumi kumi.

Nianze na haki yao. Hela inaingia haraka kweli. Mzigo wa madera ulikuwa umefika Kariakoo na mi nimepungukiwa, nikajaza fomu nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, nikapiga selfi na kitambulisho cha NIDA, hata Mtoni hatujafika meseji ya hela hii hapa. Dakika 4! Hakuna cha barua ya serikali ya mtaa wala mdhamini.

Ila niliomba sh 100,000 ikaingia sh 65,000, iliyobaki eti ada ya huduma, na baada ya siku 7 unarudisha laki yote. Hapo nikajua nimeliwa, nikajisemea poa, biashara itazunguka.

Kosa langu lilikuwa kule mwanzo. Hii kitu sikuitoa Play Store, ilikuja linki kwa meseji, simu ikauliza kama naruhusu kupakua kutoka chanzo kisichojulikana nikaruhusu, halafu ikataka majina yote ya kwenye simu, meseji, picha, mpaka mahali nilipo, nami ruhusu ruhusu ruhusu kama mwehu maana nawahi hela. Baadae ndo kijana wa fundi simu ananiambia Google tangu 2023 walishakataza aplikesheni za mikopo kugusa majina na picha za mtu, kwa hiyo hawa wanapitia mlango wa uani makusudi.

Sasa nikachelewa siku mbili. Siku ya tisa asubuhi shangazi anapiga toka Tanga analia, "Mwanangu wamekuweka kituo gani tuje?" Kituo gani tena shangazi, mi niko nakaanga chapati! Akanirushia picha. Ni mimi kabisa, sura yangu, nimeshika kibao kama mahabusu na nyuma kuna ukuta wa kijani, nikaikodolea macho wee mpaka nikaona hereni. Zile hereni za dhahabu ni za sendofu ya mdogo wangu, wameikata sura kwenye picha ya sendofu wakaipandikiza kwa hayo ma-AI yao, na kibao kimeandikwa JESHI LA PORISI. Mahabusu gani anavaa hereni za sendofu jamani. Chini yake: huyu ni tapeli sugu, katoroka na fedha, wewe umeandikwa mdhamini wake. Shangazi yangu hajawahi kudhamini hata kuku.

Ningecheka kama ingeishia Tanga. Ilifika kwa mama mkwe, kwa wateja, kwa mwalimu wa mtoto, na kwa wenzangu wa kikoba ambako mi ni mweka hazina mwaka wa 4 huu. Katibu kaja jioni kwa upole kabisa, "Dada angu, hebu daftari likae kwangu kwanza." Sikumjibu, nikamletea.

Deni nilikuwa nalo sikatai, na siku ileile nimelilipa lote pamoja na faini, nina risiti. Picha ikaendelea kuzunguka siku tatu mbele. Ukipiga namba yao leo kesho haipatikani, wa huduma kwa wateja anakuambia lipa kwanza, umeshalipa anasema subiri mfumo.

Na hii sio ya kusema ndo mikopo ilivyo. Katiba ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023 na ina Tume yake. Taarifa uliyoichukua kwa kazi moja huipeleki kwenye kazi nyingine. Tena mi hata kama nilibonyeza ruhusu, shangazi yeye kamruhusu nani?

Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Hii yangu sikuiona humo, na ndo kilichonipa moyo, kumbe kutokuwemo kwenye orodha ya waliofungiwa sio kuwa na leseni, ulizia leseni yenyewe.

Kuifuta haisaidii, nimeifuta lakini majina 412 yalishahamia kwao. Nimeprinti ile picha, ile ya sendofu, risiti na meseji zote, napeleka malalamiko kwenye Tume. Kopi moja ni ya kikoba, Jumapili tunakutana, katibu kasema nije nayo. Daftari bado liko kwake.