Ruta ya Laini TL-MR6400: Kuifunga Nyumbani kwa Mara ya Kwanza

Habari zenu, ndugu watazamaji. Leo nipo Pasua, mjini Moshi, sebuleni kwa mama mdogo, na hapa mezani ipo ruta ya TP-Link aina ya TL-MR6400, ambayo familia hii imeitumia kwa miezi mitatu. Ruta ni kifaa kinachogawa intaneti kwa waifai, na hii inatumia laini ya simu, kwa hiyo hamhitaji kumsubiri fundi aje kuvuta waya, na ndiyo maana ninaipendekeza kwa mtu ambaye hajawahi kufunga mtandao nyumbani kwake.

Kabla ya yote, wekeni laini hiyo kwenye simu, hakikisheni ina bando, na kama inadai PIN kila simu inapowashwa, iondoeni. Kisha fungeni antena mbili nyuma ya ruta, chomekeni laini, washeni. Geuzeni ruta mwone kibandiko cha chini: hapo pameandikwa jina la waifai na nenosiri lake la mwanzo. Simu ikishaunganishwa, fungueni kivinjari mwandike tplinkmodem.net au 192.168.1.1, na ukurasa utakaofunguka utawataka mtunge nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu wengi huchanganya: nenosiri hili si lile la waifai. La waifai mtawapa wageni na watoto wa jirani. Hili la mipangilio libaki kwenu peke yenu, kwa kuwa mwenye nalo anaweza kubadilisha kila kitu, hata kuwafungia nje ya mtandao wenu wenyewe. Mkiwa humo humo, badilisheni nenosiri la waifai la kwenye kibandiko, chagueni ulinzi wa WPA2, unaoficha mawasiliano ya waifai yenu, na zimeni WPS, yaani njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi bila kuandika nenosiri.

Kufunga kumekwisha, na hakukufika hata dakika 20. Linalobaki ni mahali pa kuiweka, na kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko mengine yote. Mama mdogo alikuwa ameiweka ndani ya kabati la televisheni, kwa kuwa soketi ipo hapo, na juu yake akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Taa za mawimbi hapa mbele zilikuwa zinawaka moja tu. Niliihamishia dirishani, mita nne kutoka pale, na baada ya muda mfupi zikawaka zote tatu. Sababu ni kwamba ruta ya namna hii inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inapokea mawimbi kutoka mnarani, na inayagawa ndani ya nyumba. Ikishindwa kupokea vizuri, haina cha kugawa, hata ukikaa nayo uso kwa uso. Kwa hiyo zungukeni nayo dirisha hadi dirisha mkiangalia taa hizo, muiweke juu, mbali na friji na mikrowevu, ndipo mtafute waya wa kurefusha umeme.

Kuhusu kasi, megabiti 300 kwa sekunde mnazoziona kwenye boksi ni kati ya ruta na kifaa chako. Upande wa 4G, yaani kati ya mnara na ruta, kikomo chake ni megabiti 150 za kupakua na 50 za kupakia, na hivyo ni viwango vya juu kabisa ambavyo katika matumizi ya kawaida havifikiwi. Vilevile waifai yake inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4 pekee. Hizo hupenya kuta za matofali ya saruji vizuri kuliko gigahezi 5, lakini nyumba zikibanana mawimbi yanagongana. Ikitokea hivyo, nendeni kwenye mipangilio mbadilishe chaneli, yaani njia ambayo waifai inapitia ndani ya mawimbi hayo: jaribuni 1, 6 au 11.

Jambo lililomuumiza mama mdogo ni bando. Bando la mwezi lilikwisha kwa siku mbili, naye akaamini ameibiwa. Nilipofungua simu ya binamu yangu nilikuta inapandisha picha zake zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu simu nyingi zikiona waifai huchukulia kwamba intaneti haina kipimo. Nendeni kwenye kila simu, mchague kwamba waifai hii ina kipimo, mzime masasisho ya moja kwa moja. Kisha kwenye ukurasa wa ruta wekeni kikomo cha data, ili ikifika hapo isimame.

Mwisho ni umeme. Adapta ya ruta hii imeandikwa volti 9. Betri nyingi ndogo za akiba zinazouzwa kwa ajili ya ruta zina tundu la volti 12, na baadhi zina la 9 pia, kwa hiyo someni maandishi ya pembeni mwa tundu kabla ya kuchomeka, kwa sababu plagi inaweza kuingia bila shida kwenye tundu lisilo lake na ruta ikaungua.