Dodoso la NPI: linauliza vizuri kuliko linavyojumlisha

Watu wanaouguza wagonjwa wa Alzheimer, Parkinson na maradhi mengine yanayoharibu ubongo taratibu hukabiliana na mengi zaidi ya kusahau: shutuma za wizi, makesha, hasira zisizo na chanzo, na ukimya wa mtu aliyepoteza hamu ya kila kitu. Dodoso la Neuropsychiatric Inventory, maarufu kwa kifupi NPI, lilitungwa kwa ajili ya upande huo wa ugonjwa. Jeffrey Cummings, mtaalamu wa neva wa Marekani, na wenzake walilichapisha mwaka 1994, na tangu hapo limetafsiriwa kwa lugha nyingi na kutumika sana katika majaribio ya dawa.

Msingi wake ni rahisi. Mtaalamu humhoji anayeishi na mgonjwa, si mgonjwa mwenyewe, kuhusu mabadiliko yaliyojitokeza tangu ugonjwa uanze, na hasa katika wiki chache zilizopita. Toleo la kwanza lilikuwa na maeneo 10, yakiwamo imani zisizo na msingi, kuona au kusikia yasiyokuwepo, fadhaa, sonona, wasiwasi, kutojali na kukosa staha; baadaye yakaongezwa mawili, usingizi na ulaji. Kila eneo hufunguliwa kwa swali moja la mchujo, na jibu likiwa hapana, mhoji hupita. Mpangilio huu unaokoa muda na, jambo la maana zaidi, haumlazimishi mke au mtoto aliyechoka kueleza tabia ambazo mgonjwa wake hana.

Sifa kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kutenganisha kutojali na sonona. Mwenye sonona huhuzunika, hujilaumu, hulia; asiyejali hahuzuniki wala hafurahi, ameacha tu kuanzisha jambo lolote. Kwa macho ya ndugu hali hizo mbili hufanana, na mgonjwa wa pili anaweza kupewa dawa za sonona ambazo hazimsaidii, au akasifiwa kuwa "ametulia". Dodoso linampa kila mmoja mlango wake. Ni jambo la ajabu kwamba vipimo vya aina hii vilichelewa hivyo, ilhali katika taarifa ya Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa huo ulipewa jina lake, kuhusu mgonjwa wake Auguste Deter, dalili ya kwanza iliyotajwa ilikuwa wivu juu ya mumewe, na kumbukumbu ikafuata.

Udhaifu unaanzia kwenye hesabu. Marudio ya dalili hupewa alama 1 hadi 4, ukali 1 hadi 3, kisha mbili hizo huzidishwa. Mgonjwa anayedai kila siku kwamba ameibiwa, lakini akatulizwa kwa neno moja, hupata 4 (marudio 4 mara ukali 1). Anayedai hivyo takriban mara moja kwa wiki, kwa ukali wa kiasi unaoivuruga nyumba, naye hupata 4 (2 mara 2). Jumla kuu, ambayo kilele chake ni 144, huficha zaidi: alama 24 zinaweza kutoka kwenye maeneo mawili yaliyofika ukomo au sita yenye matatizo madogo, na watu hao wawili hawahitaji tiba moja. Daktari anayesoma jumla peke yake na kuacha safu za maeneo amekitupa kilicho bora katika karatasi hiyo.

Majibu nayo hupitia hali ya msimulizi, kwa maana aliyekesha siku nyingi huona ukali mahali ambapo mgeni angeona usumbufu. Ndiyo maana sehemu ya dhiki ya mlezi, inayopimwa kwa kila eneo kuanzia 0 hadi 5, haifai kurukwa. Mara nyingine huonyesha kwamba anayehitaji msaada wa haraka ni yule anayejibu maswali.

Kwa kliniki yenye foleni, toleo fupi la NPI-Q la mwaka 2000, ambalo mlezi hulijaza mwenyewe kwa dakika chache, linatosha kama mchujo, ingawa halihesabu marudio. Makao ya wazee yana toleo lao, NPI-NH, linalomhoji mhudumu badala ya ndugu.

Kwa Alzheimer ninalipendekeza bila kusita. Kwa Parkinson ninalipendekeza kwa sharti moja: kamari, ununuzi na hamu ya ngono isiyozuilika, mambo yanayoweza kuchochewa na dawa zinazoiga dopamini, kemikali ya ubongo, hayana eneo lake humo, na mgonjwa mwenye aibu huyaficha hata kwa mwenzi wake. Hapo pahitajika dodoso la QUIP, lililotungwa mahususi kwa tabia hizo na ambalo mgonjwa mwenyewe anaweza kulijibu.