Ala ya bastola: ngozi au Kydex? Uzoefu wangu

Kwa miaka sasa nimebeba bastola ileile kwenye ala za ngozi na za plastiki ngumu, kwa zamu. Kwa mwenye haraka: nikiibeba ndani ya suruali, kila siku, ninachagua Kydex, yaani hiyo plastiki ngumu. Ngozi ninaivaa nje ya mkanda, tena ngozi nene tu. Sababu kubwa ni mdomo wa ala, kabla hata sijafikia mambo ya starehe.

Watu wengi wakichagua ala hupapasa mgongo wake kuona kama itawaumiza mbavu. Mimi ninaanza juu, pale bastola inapoingilia. Ngozi ikizeeka hulegea, na jasho pamoja na joto la mwili huiharakisha. Ukichomoa bastola, mkanda unaibana ala na mdomo unajifunga. Ukitaka kuirudisha, ukingo uliolegea unaweza kukunjika kwa ndani ukaingia kwenye kile chuma kinachozunguka triga, nawe bado unasukuma. Hapo ngozi inafanya kazi ya kidole. Risasi inafyatuka mtutu ukiwa umeelekea pajani mwako. Ajali za namna hii zimeshatokea, na bastola nyingi za siku hizi hazina sefti ya nje ya kuzuia kosa hilo. Ala yangu moja ya ngozi ilipoanza kuonyesha mkunjo mdogo kwenye ukingo, upande wa triga, niliikatakata kwa mkasi kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota akaivaa.

Hii haina maana kwamba ngozi ni mbaya. Ninayoivaa sasa ni ya ng'ombe, iliyosindikwa kwa maganda ya miti, na ndani ya mdomo wake kumeshonewa kipande cha chuma kinachouweka wazi hata bastola isipokuwemo. Ukinunua ya ngozi, tafuta hicho kipande; bila hicho mimi siinunui kwa kubeba ndani ya suruali. Ikiwa mpya itabana sana. Toa risasi zote, hakiki mara ya pili, funga bastola kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, iingize na uiache humo usiku kucha. Inatosha. Usiipake mafuta ili ilainike haraka, kwa sababu ugumu ndio unaoshikilia bastola. Na usiifanye ala ya ngozi kuwa mahali pa kuhifadhia silaha: ngozi hufyonza unyevu na chumvi ya jasho, kisha huvikalisha kwenye chuma. Vidoa vya kutu nimeviona mwenyewe, vidogo kama punje za pilipili manga, ubavuni mwa slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele), upande uliolala mwilini.

Kydex ni plastiki iliyotolewa mwaka 1965 na kampuni ya Rohm and Haas, na mwanzoni ilikusudiwa sehemu za ndani za ndege. Hupashwa joto hadi ilainike, halafu hubanwa juu ya umbo la bastola, ikipoa inabaki hivyohivyo. Ndiyo maana mdomo wake haujifungi. Bastola ikiingia inalia "tak", na mlio huo ninaupenda kwa sababu unaniambia imekaa. Ikitota jasho ninaiosha kwa maji na sabuni.

Kasoro zake zipo. Vumbi na mchanga vikiingia ndani vinakwaruza rangi ya bastola. Yangu ina mstari mweupe karibu na mdomo wa mtutu. Hilo haliniumizi kichwa, lakini mwenye silaha ya kurithi aliyoing'arisha atasononeka. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, inaweza kupinda, na ikipinda hata kidogo haishiki tena sawasawa. Skrubu za kurekebisha mkazo hulegea zenyewe, kwa hiyo ninazitia tone la gundi ya skrubu na kuzikagua mara kwa mara. Kingo zake nazo zinachoma ukikaa muda mrefu. Hapo ngozi inaishinda waziwazi.

Zile za mchanganyiko, ngozi nyuma na Kydex mbele, zinakaa vizuri mwilini, ila ile ngozi ya nyuma nayo inalegea siku zikienda, na sehemu inayochomoza juu ndiyo inayokunjika kwanza. Za naironi laini, zinazouzwa kwa "bastola za saizi zote", sizipendekezi kwa mtu yeyote. Hazifuati umbo, na kwa nyingine unaweza kubonyeza triga kwa nje, kupitia kitambaa chenyewe.

Yoyote utakayochagua, ivalie mkanda mgumu, maana kwenye mkanda laini hata ala nzuri inayumba. Kisha ijaribu hivi: bastola isiyo na risasi ndani yake, juu ya kitanda, igeuze mdomo chini na uitikise. Isianguke. Ichomoe, bana ala kwa mkono jinsi mkanda unavyoibana, uangalie kama bado bastola ingepita bila kusukuma kitu. Kydex yangu inapita yote mawili. Ngozi yangu inapita pia, lakini siku ya jasho jingi inaishika bastola kwa nguvu zaidi, na kuichomoa kunakawia kidogo.