Flukonazoli kwenye tangi la matumbawe: siku 21 za kupambana na mwani wa unyoya

Ngoja nisogeze kamera karibu na kioo. Haya, mnauona ule mwamba wa kushoto, uliobaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa? Wiki chache tu zilizopita ulikuwa na manyoya. Kijani kibichi, yamesimama wima, yanapepea na mkondo wa pampu. Wageni wakija walikuwa wanausifu, wananiuliza mmea huu mzuri nimeutoa wapi. Mmea! Mimi usingizi sipati, mtu ananiomba kipande akapande kwake.

Jina lake ni Bryopsis, aina ya mwani, na leo nachambua dawa niliyoitumia kuuondoa: flukonazoli. Chapa sitaitaja, maana zipo kadhaa na kiambato ni kilekile, ziwe kapsuli au unga wa pakiti. Hakuna aliyenilipa, na pakiti nilinunua kwa pesa yangu. Wenye haraka nawapa jibu kabisa: inafanya kazi, tena vizuri, lakini kwa mwani wa aina chache tu. Wengi wanaoilaumu waliinunua kwa ajili ya adui ambaye haimgusi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, chomoa uzi mmoja wa mwani wako, uuweke kwenye kisahani chenye maji, chukua lenzi. Tazameni huu hapa, niliuhifadhi makusudi. Mnaona mshipa wa katikati, na vijitawi vimetoka pande zote mbili kama unyoya wa kuku? Huo ndio Bryopsis. Ukiona nyuzi laini tupu kama nywele, hazina mshipa wala vijitawi, basi una mwani wa nywele, na huo dawa hii huupiga mara nyingine, mara nyingine haiupigi. Ukiwa na vipovu vya kijani vigumu kama shanga, hiyo ni Valonia, usitegemee chochote. Na kama ni utando mwekundu unaobanduka kama ngozi, huo wala si mwani, ni bakteria. Weka pesa yako mfukoni.

Nilifikaje kwenye dawa? Kwa kuchoka. Nilianza na mswaki na kibanio, nikasugua jiwe mpaka vidole vikakunjamana. Kosa. Bryopsis ukiukatakata ndani ya maji unausambaza, kila kipande kinatafuta pa kushika. Ukitaka kuung'oa, zima pampu kwanza, au toa jiwe zima nje.

Halafu nikaja kwenye haidrojeni peroksidi, ile ya asilimia 3. Ukitoa jiwe nje, ukaidondoshea kwenye mwani, ukasubiri dakika chache na kulisuuza kwa maji ya chumvi, utaona povu linachemka na moyo wako utafurahi. Mwani ukageuka mweupe, nikatangaza ushindi. Baada ya wiki mbili ukarudi palepale, kwa sababu jiwe lina vitundu na mizizi yake imejificha humo. Hapo nikafanya ujinga ambao ni wangu peke yangu: nikaimimina peroksidi moja kwa moja ndani ya tangi, tena kwa jicho, bila kupima. Kamba wangu msafishaji, yule mwenye mstari mweupe mgongoni, hakuiona asubuhi. Kamba wa jamii ile hawaivumilii.

Nikajaribu pia chembechembe za oksaidi ya chuma za kunyonya fosfeti, ambayo pamoja na nitreti ndiyo chakula cha mwani. Hizi ni bidhaa nzuri, sizisemi vibaya, ila mimi niliweka nyingi kwa pupa. Fosfeti ikashuka ikawa sifuri, matumbawe yakaanza kupauka, na Bryopsis ukaendelea kupepea kama haujaambiwa kitu. Tangi lenye nitreti sifuri na fosfeti sifuri si tangi safi, ni tangi lenye njaa, na njaa hiyo huwaua unaowapenda kwanza. Zaidi ya hapo ndipo ule ute wa kahawia wenye vipovu hupata nafasi. Sasa hivi nashikilia nitreti kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfeti 0.05 hivi, na nalala.

Turudi kwenye flukonazoli. Hii asili yake ni dawa ya binadamu, ya kuvu. Inazuia kuvu kutengeneza kitu kiitwacho ergosteroli, ambacho utando wa seli zake unakihitaji ili usivuje. Bryopsis si kuvu, lakini nao hauiwezi, na waliogundua hivyo ni watunza matangi waliokuwa wamekata tamaa kama mimi.

Kipimo kinachotumika sana ni kama miligramu 5.3 kwa lita. Na hapa hesabu ya maji iwe ya kweli. Tangi langu ni la lita 200, lakini mawe na mchanga vinakula nafasi, maji yenyewe ni kama lita 170. Kwa hiyo nilihitaji miligramu 900 hivi, yaani kapsuli nne na nusu za miligramu 200. Unga wake hauyeyuki kirahisi. Ukiumwaga juu unaelea kama vumbi. Nilikoroga kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, nikamimina taratibu mbele ya pampu.

Kabla ya kumimina: nilitoa mkaa wote kwenye kichujio, maana mkaa utaifyonza dawa yote na utabaki unashangaa. Nikazima taa ya UV, ile ya kuua vijidudu majini. Skima, yaani mashine inayotoa uchafu majini kwa povu, niliiacha ikizunguka ila nimeondoa kikombe chake, hewa iingie majini na povu lirudi humohumo. Sikubadilisha maji kabisa.

Siku tatu za kwanza, hakuna kitu. Niliikaribia ile pakiti nikaisoma tena kama mkataba wa nyumba. Siku ya tano ncha zikaanza kupauka. Siku ya tisa kijani kimekuwa cha majivu, manyoya yamelala. Kufika siku ya 14 nilikuwa nanyonya vipande kwa mpira vikitoka vyenyewe, bila kusugua. Nilisubiri hadi ya 21, kisha nikabadilisha theluthi ya maji na kurudisha mkaa. Matumbawe, konokono, samaki, wote salama.

Alama nilizoikata ni mbili. Kwanza, mwani ukifa unaoza, na vyote ulivyokuwa umekula unavirudisha majini. Nitreti yangu ilipanda kutoka 5 hadi 20, katikati ya muda ambao huruhusiwi kubadilisha maji. Mwenye tangi lililofunikwa lote apunguze kwanza kwa mkono, la sivyo oksijeni itawapungukia samaki usiku. Pili, dawa haijui kwa nini mwani ulikuja. Wangu uliingia na tumbawe nililopewa, sikulikagua chini ya kigingi chake, kile kipande linachogundishiwa.

Ndiyo maana sasa nina huyu bwana. Njoo huku... huyu mviringo mwenye miiba, nungunungu wa baharini. Mwaka 1983 wenzake wa jamii ya Diadema walianza kufa karibu na Panama, na ugonjwa ukaenea Karibiani nzima. Zaidi ya 90 kwa 100 wakaisha, na miamba mingi ikafunikwa na mwani. Ukijua hivyo unamheshimu. Ila ana tabia ya kuokota vipande vya matumbawe na kutembea navyo mgongoni kama kofia. Gundisha kila kitu. Tafi naye anakula mwani vizuri, lakini kwa lita 200 ni kumtesa, anahitaji nafasi ya kuogelea.

Jana usiku nikaona kitu cha kijani nyuma ya pampu. Nilikichomoa, kiko hapa kisahanini, nilikuwa nangoja tukitazame pamoja. Lenzi... sogea kidogo... hakuna mshipa. Hakuna vijitawi. Nyuzi tupu. Huu namwachia nungunungu.